Jina la FIFA Limeondoka, Pembetatu Imebaki: Tuulize Nani Alichora

Pita kwenye kibanda chochote cha gemu karibu na chuo saa moja jioni, utasikia neno lile lile: "Nani anakuja FIFA?" Hakuna anayesema EA Sports FC. Jina la FIFA liliondoka kwenye gemu hiyo tarehe 29 Septemba 2023, siku ilipotoka EA Sports FC 24, lakini midomo ya washkaji haina habari. Aliyefungwa tano bila bado anasema amefungwa FIFA, na mwenye kibanda bado ameandika FIFA kwa chaki kwenye ubao wa bei.

Ubishi wa jina tumeshaufanya vya kutosha. Mei 2022 kampuni ya Electronic Arts, yaani EA, na shirikisho la FIFA walitangaza kuachana baada ya karibu miaka 30 pamoja. Gazeti la New York Times lilikuwa limeandika kwamba FIFA walitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila kipindi cha miaka minne cha Kombe la Dunia. EA wakapiga hesabu, wakaona wachezaji, timu na ligi tayari wana mikataba nazo wenyewe, kwa nini walipie herufi nne? Wakaondoka. Biashara ni biashara, tusiwalilie matajiri.

Mimi nataka tubishane kuhusu kitu kingine ambacho kiko mbele ya macho yetu kila siku na hakuna anayekitazama. Ni nembo. Gemu ilipobadilishwa jina ilivalishwa pia alama mpya, pembetatu iliyobeba herufi F na C. Wengi wetu tuliiona tukasema sawa, imependeza, haya anzisha mechi. Lakini pembetatu hiyo ina historia ya miaka zaidi ya 40 nyuma yake, na ukiifuatilia unakutana na swali linalotuhusu hata sisi ambao hatutakaa tuajiriwe California: kazi ikishakuwa nzuri, nani anaandikwa jina?

Hoja yangu ni hii. Nembo ya EA ilianza kama ahadi kwa watu wanaotengeneza gemu. Kadiri kampuni ilivyokua, nembo ikabadilika, na watu wakasogezwa nyuma mpaka wakabaki kwenye yale maandishi ya mwisho ambayo sote tunayaruka kwa kubonyeza kitufe. Na sisi hapa chuoni tunafanya kitu hicho hicho kwa watu wetu, tofauti tu ni kwamba hatuna hata bilioni za kujitetea nazo.

Tuanze kabla ya EA. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jina kubwa kwenye gemu za nyumbani lilikuwa Atari ya Marekani. Wakati ule gemu moja ingeweza kutengenezwa na mtu mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho: anaandika programu, anachora, anaweka sauti. Lakini kwenye boksi jina lake halimo. Nembo ya Atari ndiyo iliyoonekana, na mtengenezaji alikuwa mfanyakazi wa mshahara kama mwingine. Warren Robinett, aliyetengeneza gemu ya Adventure, aliona hili halikubaliki. Akaficha chumba cha siri ndani ya gemu, na mchezaji akifanikiwa kukifikia anakutana na maandishi yanayomtaja Robinett kuwa ndiye muundaji. Mabosi walikuja kujua wakati yeye ameshaacha kazi. Hebu fikiria, mtu anaiba nafasi ndani ya kazi yake mwenyewe ili aweke jina lake mwenyewe.

Wenzake wanne hawakutaka kujificha chumbani. Waliondoka Atari na mwaka 1979 ikaanzishwa Activision, ambayo ilijitofautisha kwa kuwataja watengenezaji wa gemu hadharani. Kwa hiyo EA inapozaliwa, suala la jina la mtu lilikuwa limeshakuwa vita.

Mwaka 1982 Trip Hawkins, kijana aliyekuwa akifanya kazi Apple, aliacha kazi akaanzisha kampuni yake. Aliiita Amazin' Software, jina ambalo wenzake hawakulipenda. Kabla mwaka haujaisha wakakaa kikao kulibadilisha. Mmoja wa mifano waliyoitazama ilikuwa United Artists, kampuni ya filamu iliyoanzishwa mwaka 1919 na wasanii wenyewe, akiwemo Charlie Chaplin. Likapendekezwa jina la kuwaita wasanii wa kielektroniki. Hapo ndipo mmoja wa wafanyakazi akapinga: wasanii siyo sisi tuliokaa humu ndani, wasanii ni wale wanaotutengenezea gemu. Jina likarekebishwa kidogo, likawa Electronic Arts, yaani Sanaa za Kielektroniki.

Mimi napenda sana ule ubishi. Watu wa ofisini, wenye kampuni, walikataa kujiita wasanii kwa sababu waliona wangekuwa wanajivika pete ya mtu mwingine. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Wale waliangalia vidole vyao, wakaona chanda chenyewe kiko kwa mwingine.

Nembo ikafuata mawazo hayo hayo. Mbunifu Barry Deutsch alichora maumbo matatu yaliyopangwa kwa mstari: mraba, duara na pembetatu, yakiwa yamechorwa kwa mistari mistari kama picha ya kwenye skrini ya kompyuta za enzi hizo. Maana yake ilikuwa kwamba maumbo hayo ni alfabeti ya msingi ya uchoraji, na ile mistari ni teknolojia. Ukiweza mraba, duara na pembetatu, unaweza kuchora nyumba, uso, uwanja, chochote. Hakukuwa na herufi ya kampuni ndani ya ile alama.

Sisi tunaosomea ualimu hili linatuingia haraka. Mtoto wa awali husoma picha kabla ya kusoma herufi. Kabla hujamfundisha "a, e, i, o, u" unampa maumbo ayataje, ayapange, ayapake rangi. Nembo ile ya kwanza ilikuwa inazungumza kwa lugha hiyo: hapa kuna vifaa, kaa chini utengeneze. Nembo nyingi husema "mimi ni fulani". Hii ilisema "haya ndiyo tunayotumia".

(Usichanganye na alama za kwenye pedi ya PlayStation. Hizo za pembetatu, duara, msalaba na mraba zilikuja na mashine ya Sony mwaka 1994, na zina maana zake nyingine kabisa. Ila zinathibitisha jambo moja, kwamba umbo likikaa vizuri halihitaji mkalimani.)

Kweli, siyo kila mteja alielewa. Watu wengi waliangalia ule mraba wenye mistari wakaona herufi E, wakaangalia pembetatu wakaona A, halafu wakakwama kwenye duara. Hii O katikati ni ya nini? Kampuni ikalifanyia utani kwenye jarida lake, ikidai kwamba lile duara ni mpira laini wa kuchezea uliokwama kwenye tundu la kuingizia diski, ndiyo maana unatokea kila gemu inapofunguka. Kampuni changa ina raha yake, inaweza kujicheka.

Na ahadi haikuishia kwenye mchoro. Gemu zao za kwanza, zilizotoka 1983, ziliwekwa kwenye majalada bapa yanayofunguka kama ya santuri za muziki. Ukifungua unakutana na watengenezaji, majina na picha zao, kama unavyokutana na mwanamuziki kwenye jalada la albamu. Bill Budge aliyetengeneza Pinball Construction Set alikuzwa kama nyota. Danielle Bunten Berry na wenzake walitengeneza M.U.L.E., gemu ambayo hadi leo watu wa fani hiyo wanaitaja kwa heshima. Tangazo la mwaka huo lililouliza kama kompyuta inaweza kumfanya mtu alie lilikuwa na picha ya watengenezaji wenyewe, wamesimama kama bendi. Nembo ya maumbo matatu ilikaa pembeni, na watu wakawa mbele.

Basi nini kilitokea? Mpira ulitokea.

Mwaka 1988 EA walitoa John Madden Football, gemu ya mpira wa Kimarekani, na wakagundua kwamba michezo ni shamba lisiloisha. Gemu ya hadithi ukiimaliza umeimaliza. Gemu ya mpira inahitaji kikosi kipya kila msimu, maana kuna wachezaji wamehama, wengine wamestaafu, jezi zimebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaunda tawi la michezo kwa jina la EA Sports Network, kwa kifupi EASN. Ukilitamka haraka unasikia ESPN, na ESPN wenyewe walilisikia pia, wakalalamika. Likabaki EA Sports. Desemba 1993 ikatoka FIFA International Soccer, uwanja ukionekana kwa mshazari kutoka juu, na kuanzia hapo kila mwaka kuna toleo.

Tawi hilo ndilo lililokuja na nembo ya duara lenye herufi EA, na ile sauti ya dume ambayo kila mmoja wetu anaweza kuiigiza, inayotuahidi kwamba kilichomo mchezoni kimo na ndani ya gemu. Watoto wa mtaani ambao hawajui Kiingereza hata cha salamu wanaijua hiyo sauti kwa lafudhi yake kamili.

Mwaka 1999 kampuni nzima ikaachana na maumbo matatu. Nembo mpya ilitokana na ile ya EA Sports: herufi mbili, E na A, ndani ya duara. Mtoto ndiye aliyemvalisha mzazi wake nguo. Mraba ukaondoka, pembetatu ikaondoka. Duara likabaki, lakini sasa likiwa fremu ya kushikilia jina la kampuni. Na jina lenyewe likakatwa, lile neno "sanaa" likamezwa na herufi A. Leo ukimuuliza mtu pale kibandani EA ni kifupi cha nini, wengi watakwambia ni EA tu, basi.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna hoja nzuri za kuitetea ile nembo mpya, na sitaki kuzificha.

Kwanza, inasomeka. Herufi mbili ndani ya duara unaziona hata kwenye ukingo wa uwanja zikiwa zimepita sekunde moja kwenye televisheni. Maumbo matatu yenye mistari yangeonekana kama uchafu. Nembo isiyosomeka haifanyi kazi yake, na hakuna mapenzi ya historia yanayoweza kubadilisha hilo.

Pili, kazi yenyewe ilibadilika. Mwaka 1983 gemu ilikuwa ya mtu mmoja au wanne. Gemu ya mpira ya leo ina mamia ya watu: wa mwendo wa wachezaji, wa nyasi, wa sauti za mashabiki, wa nywele za Haaland. Utaweka picha ya nani kwenye jalada? Ndiyo maana kwenye EA Sports FC 24 waliweka ya Haaland mwenyewe. Kwa upande huo kampuni haikuwa na njia rahisi ya kuendelea na mtindo wa bendi ya watu wanne.

Nazikubali zote mbili. Lakini hazijibu swali langu, kwa sababu mimi sisemi kwamba EA warudishe mistari ya 1982. Ninachosema ni kwamba ahadi iliyokuwa ndani ya nembo ile ilitakiwa ihamie mahali pengine: kwenye mikataba, kwenye saa za kazi, kwenye namna kampuni inavyowataja watu wake. Ilihamia wapi?

Jibu lilikuja Novemba 2004. Mchumba wa mfanyakazi mmoja wa EA aliandika kwenye intaneti, bila kujitaja jina, kwamba mwenzake anafanya kazi siku saba kwa wiki, kama saa 85, bila malipo ya ziada. Baadaye ikajulikana kuwa mwandishi ni Erin Hoffman. Maandishi yale yalisambaa sana kwa sababu kila mtu kwenye ile tasnia alijiona humo. Wakati huo huo kulikuwa na kesi mahakamani. Mwaka 2005 EA wakakubali kulipa dola milioni 15.6 kuimaliza kesi iliyofunguliwa na wachoraji wa kampuni, na mwaka uliofuata wakalipa dola milioni 14.9 kwa waandika programu.

Rudia hapo kwenye wachoraji. Kampuni yenye neno sanaa ndani ya jina lake ilidaiwa mahakamani na wasanii wake malipo ya saa zao za kazi. Ile sentensi ya kikao cha 1982, kwamba wasanii ni wale wanaotutengenezea gemu, ilikuwa imesahaulika miaka 22 baadaye. Na nembo iliyokuwa inawakumbusha kila gemu ilipofunguka ilikuwa imeshatupwa kabatini.

Simaanishi kwamba ukibadilisha nembo unawatesa wafanyakazi. Ingekuwa rahisi hivyo tungezuia mateso kwa kuchora vizuri. Nembo haisababishi, inaonyesha. Kampuni inayochagua maumbo inakwambia inajivunia kazi ya mikono. Ikichagua herufi zake za mwanzo, inakwambia inajivunia kuwa kampuni. Unaweza kuisoma kama unavyosoma kipimajoto.

Ndipo tunafika Aprili 2023 na ile pembetatu. Walipoizindua nembo ya EA Sports FC walieleza kwa nini ni pembetatu. Walitaja pasi za pembetatu uwanjani, na hapo aliyewahi kumsikia kocha akipiga kelele mazoezini anaelewa. Wakataja kwamba wachezaji wa ndani ya gemu, ukiwachungulia kwa karibu, wamejengwa kwa vipande vidogo vya pembe pembe. Na wakataja kale kapembetatu kanakokaa juu ya kichwa cha mchezaji unayemwongoza, kale ambako usipokaona unaanza kumlaumu mwenye pedi mbovu.

Maelezo mazuri, na nasema bila kejeli kwamba ni nembo nzuri. Inatoka ndani ya mchezo wenyewe. Imerudi kwenye umbo, baada ya herufi kutawala kwa miaka 24. Anayeikumbuka ile ya zamani anaweza kusema pembetatu ya Deutsch imerudi nyumbani. Lakini soma tena orodha ya maelezo yao: uwanja upo, kompyuta ipo, mchezaji wa skrini yupo. Aliyeketi akavijenga vile vipande hayupo. Mwaka 1982 pembetatu ilikuwa kifaa mkononi mwa mchoraji. Mwaka 2023 pembetatu ni alama juu ya kichwa cha bidhaa. Umbo limerudi, mchoraji hajarudi nalo.

Septemba 2025 EA wakatangaza kukubali kununuliwa kwa dola bilioni 55, wanunuzi wakiongozwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, kinachonunuliwa kwa sehemu kubwa ni zile alama na mazoea yetu ya kuzitambua. Yule anayejaza nyasi hayumo kwenye vichwa vya habari.

Najua kuna mtu ameshaanza kuguna: sasa sisi inatuhusu nini, boom lenyewe halijaingia, unatuletea habari za bilioni 55? Inatuhusu, na nitasema wapi.

Kila wiki hapa chuoni kuna bango jipya. Bonanza, kongamano, mkesha wa ushairi, kampeni za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Bango halijichori. Kuna mtu wa mwaka wa pili ana kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa, anafanya kazi karibu na soketi mpaka saa nane usiku, kesho yake ana testi. Asubuhi bango linasambaa kwenye magrupu yote. Chini kuna nembo ya mdhamini, kuna nembo ya chama, kuna nembo ya chuo. Jina la aliyelichora halipo. Ukiuliza unaambiwa lingeharibu mpangilio. Nembo tatu hazijaharibu mpangilio, jina moja la herufi kumi ndilo liuharibu?

Na malipo je? Tunamwambia, "Fanya tu ndugu yangu, hii itakupa jina." Halafu jina lenyewe hatuliandiki.

Kuna na mashindano ya nembo. Klabu inataka nembo, inatangaza kila mtu alete mchoro, atakayeshinda atapewa fulana na cheti. Watu 20 wanakesha. Mmoja anachaguliwa, wengine 19 hawarudishiwi hata asante. Nembo inachapwa kwenye fulana, vikombe na mabango kwa miaka kumi, na baada ya uongozi mmoja kuondoka hakuna anayejua nani aliichora. Warren Robinett angekuwa hapa angeshatafuta pa kuficha chumba.

Halafu tazama upande wa pili, maana sisi ni watu wa ajabu. Kwenye kazi za kikundi majina yako hata ya wasiofanya. Watu wanane kwenye jalada, waliofungua kitabu ni wawili. Na kwenye madesa ni kinyume: mtu ameketi semesta nzima akapanga noti za kozi ngumu vizuri kuliko kitabu, madesa yanazunguka kwa miaka minne, jina limekatwa kwenye ukurasa wa kwanza wakati wa kutoa kopi. Tuna majina yasiyo na kazi na kazi zisizo na majina, ndani ya chuo kimoja.

Sisi wa ualimu tuna deni la pekee. Kesho tutaingia darasani na zana za kufundishia, nyingi zikiwa zimechorwa na mtu mwingine: ramani, mchoro wa moyo, chati ya maumbo. Tukimzoesha mtoto kwamba picha inatoka hewani, tusishangae akikua akaamini kwamba kuchora siyo kazi. Tukimwambia hii imechorwa na fulani, anajifunza vitu viwili kwa mpigo, mchoro na heshima kwa mchoraji.

Wala hili siyo ombi la huruma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua kwamba mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake. Kumtaja mtu siyo zawadi.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji bajeti. Kila bango linalotoka chini ya chama chetu liwe na jina la aliyelibuni, kwenye kona, kwa maandishi yanayosomeka bila kukuza picha. Mashindano yoyote ya nembo yatangaze masharti kabla: nani atamiliki mchoro, mshindi atatajwa wapi, na michoro isiyoshinda irudishwe kwa wenyewe. Katibu wa kila klabu aandike kwenye kumbukumbu nani alichora nembo na mwaka gani, ili uongozi ujao usije kuanza kuuliza. Anayetoa kopi ya madesa aache ukurasa wenye jina. Na gazeti hili lenyewe lianze: wapangaji wa kurasa na wachoraji wake watajwe mbele, pamoja na sisi waandishi tunaopenda kuona majina yetu kwa herufi nzito.

Kuna atakayesema ni mambo madogo. Ni madogo kweli, ndiyo maana yanawezekana. EA walikuwa wadogo walipokataa kujiita wasanii wakawaachia jina hilo wenye kazi. Walivyokua wakalisahau. Sisi bado ni wadogo, na mazoea tunayojenga sasa kwenye bango la bonanza ndiyo tutakayokwenda nayo tukipewa shule, ofisi au wizara.

Wewe endelea kusema FIFA, hakuna atakayekukamata. Ila mechi ikiisha na yale majina yakaanza kupanda kwenye skrini, kabla hujabonyeza kitufe, soma hata matatu. Halafu kesho ukisambaza bango kwenye grupu, andika chini yake limechorwa na nani. Kama humjui, uliza.